Uroa: Ufa wa Nyumba ya Bibi

Wenye ndoa mtanielewa. Kuna magomvi ya hela, kuna magomvi ya mawifi, na kuna magomvi ya nyumba za ukweni. Mimi na mume wangu tulifaulu kuyachanganya yote matatu ndani ya boti moja, kati ya Dar es Salaam na Unguja, mbele za watu, huku kila mmoja akijifanya anaangalia bahari.

Chanzo kilikuwa ukuta. Katikati ya masika ya mwaka jana shemeji yangu alipiga simu alfajiri kutoka Uroa. Kipande cha ukuta wa chumba cha Bibi, yaani bibi mzaa baba wa mume wangu, kimeanguka. Kimeangukia kitandani, upande wa mto. Bibi mwenyewe alikuwa nje anatia udhu. Angechelewa kuamka siku hiyo, safari yetu ingekuwa ya msibani.

Bibi akahamishiwa kwa shemeji, naye akanuna. Sisi tukaomba likizo mwezi wa nane, mvua zimekwisha na kusi inavuma, twende tukaamue. Na tayari kila mtu alikuwa na uamuzi wake mfukoni.

Mume wangu: "Tunabomoa, tunapandisha tofali, tunamaliza." Hela angetoa wapi? Kwenye zile tulizokuwa tunadunduliza za kiwanja.

Mimi nilikuwa na jibu la kisasa zaidi. Nilikuwa nimesoma kwamba kuna dawa za kemikali zinazopuliziwa kwenye magofu ya udongo ya kale, udongo ukakaza ukawa kama jiwe. Dawa inaagizwa, inapulizwa, nyumba inabaki, kiwanja kinabaki. Nilijiona mjanja kweli.

Mjini kwanza

Ukishuka botini Malindi huwezi kukimbilia shamba bila kupita Forodhani. Tulikula mishikaki, tukanywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, kisha tukajikuta mbele ya Beit al-Ajaib.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883, enzi za Sultani Barghash bin Said. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo pamoja na mnara wake wa saa viliporomoka, huku kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Mji Mkongwe wenyewe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mamlaka ya kuuhifadhi ilianzishwa mwaka 1985. Kwa hiyo usidhani nyumba huanguka kwa kuwa haina mtu anayeijali.

"Unaona?" mume wangu akasema. Kwake ile ilikuwa hoja ya kubomoa.

"Naona," nikamjibu. Kwangu ilikuwa hoja ya dawa.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na nyumba za zamani za Uroa, ni ndugu. Usidanganywe na jina la kizungu la "mji wa mawe". Jiwe lenyewe ni la matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, lina matundu kama sponji. Kinachoshika mawe hayo ni udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, na maskini hutia udongo mwingi na chokaa kidogo. Juu yake inapigwa lipu ya chokaa. Dari ni boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni vyembamba, upana wa kama mita tatu tu: hapo ndipo urefu wa boriti unapoishia. Tofauti ni kwamba mjini kuna ghorofa na milango ya nakshi, na Uroa kuna nyumba ya chini, baraza, na zamani paa la makuti.

Dunga, njiani

Barabara ya Uroa inatoka mjini, inapita Mwera na Dunga, inateremka mpaka Chwaka, halafu unakata kuelekea kaskazini na bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Dunga tulisimama. Hapo pana gofu la jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa asili wa Unguja, lililojengwa kati ya mwaka 1846 na 1856. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki mwaka 1865. Jumba lilichukua miaka kumi kusimama, na mwenyewe hakukaa nalo sana.

Nilipitisha kidole kati ya mawe mawili. Udongo ukamwagika kiganjani kama unga wa mtama. Hakuna paa pale, mvua inaingia kwa juu ya ukuta, inateremka katikati, inachukua udongo kidogo kidogo na kutoka nao. Jiwe halina neno. Kinachoondoka ni kile kinachoshikilia jiwe.

Nikamwambia mume wangu: "Hapa ndipo pa kupuliza dawa." Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tutoke Dar, nikaiacha ipite.

Mke mwenzangu

Uroa tulifika maji yametoka. Kama hujawahi kuona pwani ya mashariki ya Unguja wakati wa bamvua, basi bado hujaiona Zanzibar: bahari imerudi nyuma kabisa, mchanga mweupe umelala wazi, na kwa mbali akina mama wameinama kwenye vigingi vya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na Bibi alikuwa miongoni mwa waliokichangamkia. Anasema mabati ya nyumba yalianza na mwani.

"Hodi!"

"Karibu, mke mwenzangu!" Ndivyo anavyoniita. Mume wangu ni "mume wake", kwa hiyo sisi ni wake wenza, na kila nikija ananiuliza kwa nini mume wetu kakonda. Nilimshika mkono, "Shikamoo Bibi," akaitika marahaba huku akinivuta nikaone ukuta kabla hata ya kunipa maji.

Ndani ya chumba palikuwa na tundu la kupitisha mtu. Na sasa, msomaji, nikiri kitu ambacho kwenye boti sikukisema kabisa. Nyumba ile sisi tulishaitengeneza. Miaka mitatu kabla, kwa mapenzi yetu yote, tulituma hela za mambo matatu: makuti yaliyobaki yatolewe iezekwe kwa mabati nyumba nzima, kuta zipigwe lipu ya saruji kutoka chini mpaka usawa wa kiuno, na juu ya lipu ipakwe dawa ya kuzuia maji, ile ya kopo, niliyoshauriwa dukani na kuilipia mimi mwenyewe. Ilipendeza. Tulitumiwa picha, nikaiweka kwenye simu.

Kipande kilichoanguka ni kilekile chenye saruji na dawa. Kilianguka kizimakizima, kama ganda la yai, kikaondoka na ukuta.

Fundi na ndoo ya maji

Shemeji alikuwa amemwita fundi mwashi mmoja mzee, aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba za mjini. Hakuja na makubwa. Alikuja na mwiko, nyundo na ndoo.

Kwanza alirusha maji kwenye ukuta wa nyuma, ambao hatukuugusa, wenye lipu ya zamani ya chokaa. Ukuta ukanywa, doa jeusi likatokea, na baada ya muda jua likalikausha. Kisha akarusha kwenye ukuta wetu wa dawa. Maji yakateleza yote chini.

"Umeona?" akamuuliza mume wangu. "Hapa hayaingii."

"Si ndiyo vizuri, mzee?"

"Hayaingii kwa mbele. Kwa chini je?"

Alitutoa nje akatuonyesha. Makuti ya zamani yalikuwa yananing'inia mbele ya ukuta karibu hatua nzima, mvua ikidondokea mbali. Mabati yetu, kwa kubana matumizi, yalikatwa mafupi, na hayana mchirizi. Maji ya paa zima yanadondokea miguuni mwa ukuta. Na uani, mchanga uliofagiliwa na kumwagwa miaka na miaka ulikuwa umepanda juu kuliko sakafu ya ndani. Ukuta umesimama ndani ya beseni.

Jiwe la matumbawe na udongo vinanyonya maji kutoka chini kama utambi wa taa. Zamani yalipanda kidogo, yakatoka kupitia lipu ya chokaa, jua na upepo vikayachukua. Sisi tuliziba mlango wa kutokea. Maji yakazidi kupanda kutafuta pengine, na yalipokaa yaliulainisha udongo wa ndani ukawa uji. Halafu ongeza chumvi, maana Uroa chumvi iko kila mahali: kwenye upepo, kwenye maji ya kisima, kwenye mchanga wa pwani ambao mafundi wetu waliuchanganya na saruji. Maji yakikauka chumvi inabaki na kugeuka punje. Punje zikikua nyuma ya ganda gumu, zinalisukuma ganda nje. Fundi alibomoa kipande kingine kwa nyundo: nyuma yake palikuwa na unga mweupe unaong'aa. Nikauonja. Chumvi ya mboga kabisa.

Mume wangu hakusema kitu. Mimi ndiye niliyekuwa na zile picha kwenye simu.

Dawa yangu ya kisasa

Usiku, pale barazani kwa shemeji, nilirudi kwenye zile habari nilizozisoma, safari hii bila haraka ya kumshinda mtu.

Dawa ni za kweli. Maarufu kati yake inaitwa ethili silikati. Ni kimiminika chepesi, kinazama kwenye vitundu vya udongo, kinakutana na unyevu kidogo, kisha alkoholi inaruka na kuacha silika, jamaa wa kioo na mchanga, ikiunganisha chembe na chembe. Miaka ya 1970 ilitumika kwenye nakshi za kuta za Chan Chan, mji mkubwa wa udongo huko Peru. Miaka ya 1980 Taasisi ya Uhifadhi ya Getty na Jumba la Makumbusho la New Mexico, Marekani, walitumia kuta za majaribio za matofali ya udongo pale Fort Selden kupima dawa za namna hiyo kwa mvua na jua la kweli.

Lakini soma masharti. Ukuta uwe mkavu. Chumvi iwe imeshughulikiwa. Dawa ile hushikana vizuri na udongo na mchanga wenye silika, na kwenye chokaa na matumbawe mshiko wake ni dhaifu. Na ikishaingia haitoki: ukikosea, umekosea na wajukuu zako. Kwa ajili ya chokaa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florence, Italia, walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutumia chembe ndogo mno za chokaa ndani ya alkoholi, ambazo zikipata hewa zinarudi kuwa jiwe lilelile. Ni ya kupaka kwa brashi kwenye kitu kidogo cha thamani, mchoro au nakshi. Si ya kumaliza nyumba ya vyumba vinne Uroa.

Na hapa kwetu Tanzania tuna somo letu. Mwaka 1978, Laetoli, kusini mwa Olduvai, timu ya Mary Leakey iligundua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Ili zisimeguke wakati wa kuzichukulia umbo, zilipakwa dawa ya jamii ya akriliki, kisha mwaka 1979 zikafukiwa. Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Getty walipozifunua tena mwaka 1995 na 1996, dawa ilikuwa imezitia weusi, na adui mkubwa alikuwa mizizi ya migunga iliyoota juu yake. Kilichozilinda si kopo jingine la dawa. Waliua mizizi, wakazifukia tena kwa tabaka za mchanga na vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na mawe juu. Waliziondolea kinachozidhuru, basi.

Nilimsomea mume wangu hayo yote kwa sauti. Akaniuliza: "Kwa hiyo dawa ya dukani ilikuwa..." Hakumalizia. Angemalizia, tungelala kila mtu na kwake.

"Ilikuwa yangu," nikasema. "Na mabati mafupi yalikuwa yako."

"Yalikuwa yangu."

Nadhani hapo ndipo likizo ilipoanza.

Kuvua koti

Kesho yake fundi alitushauri tukaone msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini. Tulikwenda. Kwa nje ni msikiti wa kawaida wenye paa la mabati, unaweza kuupita bila kugeuza shingo. Ndani, ukutani mwa kibla, pana maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, na bado unaswaliwa. Dunga hakuna paa, na udongo unamwagika kiganjani. Dimbani kuna paa na kuna watu, na maandishi ya zaidi ya miaka 900 yanasomeka.

Tuliporudi Uroa tuliamua: hatubomoi, na hatunyunyizi kitu. Kwa kuwa wengi wenu mna nyumba za wazee huko Tanga, Bagamoyo, Kilwa au Pemba, nieleze kilichofanyika.

Fundi alibanduza saruji yote, taratibu, kipande kwa kipande, huku akiegemeza magogo ukuta usishtuke. Tukauvua koti. Mchanga wa uani ukachimbwa mpaka chini ya sakafu, ukachongewa njia ya maji. Mabati yakarefushwa, mchirizi ukawekwa. Halafu kazi ikasimama! Mume wangu, mtu wa miradi na tarehe, alikaribia kulia. Fundi akasema ukuta ukauke, chumvi ipigwe brashi kila inapotokea, yeye atarudi. Alirudi baada ya miezi miwili, kabla ya vuli kushika kasi. Tundu likajengwa kwa mawe yaleyale yaliyoanguka, kwa udongo na chokaa, mchanga safi usio wa pwani, na lipu ya chokaa iliyofunikwa magunia ya maji ili isikauke kwa pupa.

Chokaa nayo ina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Mawe huchomwa kwenye tanuri la magogo mpaka karibu nyuzi 900, na magogo hayo ni miti ya mtu. Udongo nao si wa kuokota. Uroa ni uwanda, mawe matupu, udongo mwekundu unaletwa kwa gari kutoka katikati ya kisiwa. Pamoja na hayo, tulitumia chini ya nusu ya mahesabu ya tofali. Kiwanja bado kipo kwenye mipango.

Na chokaa haitaki umalaya wa mara moja kila miaka kumi. Inataka kupakwa kila mwaka kabla ya masika. Mwezi wa pili mwaka huu Bibi, ambaye amesharudi chumbani kwake na kitanda kakirudisha palepale, alinipigia simu.

"Mke mwenzangu, mvua zaja. Mume wetu yuko wapi na brashi?"

Tulikwenda wikiendi hiyohiyo. Tuligombana kidogo kuhusu nani anapaka juu na nani anapaka chini. Bibi alikaa barazani akituelekeza wote wawili.

Ukipanga kwenda Uroa

*Usafiri:* Boti kutoka Dar ni kama saa mbili. Kutoka mjini Unguja mpaka Uroa ni mwendo wa kama saa moja kwa gari la kukodi. Daladala zipo, ila zinachukua muda zaidi.

*Wakati:* Baada ya masika, kuanzia mwezi wa sita, hali ya hewa ni tulivu. Uliza ratiba ya maji: bamvua kwa kutembea mchangani, maji yakijaa kwa kuogelea.

*Adabu:* Uroa ni kijiji, watu wanaishi hapo. Kanga begani, salamu kwanza, na usipige picha akina mama wa mwani bila kuomba.

*Njiani:* Simameni Dunga. Kizimkazi Dimbani ingieni kwa ruhusa, miguu mitupu, mmevaa vya heshima, na si wakati wa swala.

*Kwa wenye nyumba za wazee:* Kabla ya kununua kopo lolote, nenda mvua ikinyesha, simama nje, tazama maji yanadondokea wapi na yanatokea wapi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tuliuziba mapema kabisa, ila kwa kitu kisicho chake.